Ua Usio na Nje

Jumatano saa nane mchana, Haron, kibarua wa kijijini, alikata wavu wa waya nyuma ya nyumba ya Jemimah, hatua chache kutoka jikoni, ili jeneza la Damaris lipate pa kutokea. Alikata kwa koleo, tundu baada ya tundu, kutoka juu hadi chini, kisha akaukunja wavu kando na kuufunga kwa kamba ya mgomba. Jemimah alikuwa mlangoni mwa jiko akichambua mboga za wageni. Hakumzuia. Alimuuliza tu kama koleo ni lake.

"Ni ya hapa," Haron alisema. "Nimetoa kwa stoo."

Kwa hiyo lilikuwa koleo la Damaris. Ua nao ulikuwa wa Damaris. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya wasichana upande wa Keumbu, na miaka sita iliyopita, likizo ya Agosti, alikuja nyumbani na nguzo na mabunda ya wavu, akalizungushia ua boma la wazazi wake, mteremko wa pili kutoka soko la Ekerenyo. Alipima kwa kamba yenye mafundo kumi na mawili. Watu watatu waliishika, mmoja akihesabu nafasi tatu, mwingine nne, mwingine tano, na wote walipovuta, kona ya mraba ilitokea yenyewe kwenye nyasi. Mama yake, Jemimah, alishika fundo moja, mdogo wake, Edinah, akashika jingine, na Damaris akashika la tatu. Nyabuto, ndugu mdogo wa marehemu baba yao, alikaa kivulini na kikombe cha chai, akasema kwamba kwa macho yake kona imenyooka.

Sasa Damaris alikuwa amekufa kwa saratani ya koo, akiwa na miaka arobaini na mmoja, na hakuwa ameolewa.

Kwa desturi ya ukoo huu, kama Nyabuto alivyoieleza, binti aliyekufa bila kuolewa hapitishwi langoni wala hazikwi ndani ya ua. Hukatiwa mwanya nyuma, hupitishwa hapo, huzikwa nje, kisha mwanya hushonwa asije akajua njia ya kurudi. Mzee Manasseh, baba yake, alilala mbele ya nyumba upande wa kulia. Kando yake alilala kaka yake Damaris, aliyerudishwa kutoka Nairobi ndani ya sanduku bila kuwahi kupanda hata mgomba mmoja katika boma hilo. Aliwekwa pale, karibu na mlango, akapandiwa maua, kwa sababu alikuwa mwanamume, na hapo maswali yaliishia. Shukrani ya punda ni mateke.

Jemimah alijaribu. Jumanne alimwita Nyabuto kando ya tangi la maji.

"Shemeji, huu ua alijenga yeye."

"Ndiyo maana tunamshukuru," Nyabuto alisema. "Hata kwa programu tumeandika."

Ilikuwa kweli. Shukrani zilikuwa ukurasa wa tatu.

"Basi mshukuruni akiwa ndani."

"Mwacha mila ni mtumwa, mama Damaris. Leo huyu azikwe ndani, kesho mwingine aseme kaburi ya dada yangu iko hapa, nikatieni shamba. Kaburi ni hati."

Ukweli huo aliusema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kisha akarudi kwenye mila. Lakini asisingiziwe, Nyabuto alikuwa amelia. Purity, binti yake, alikuwa muuguzi leo kwa sababu Damaris alikaa naye kila likizo mezani, sehemu kwa sehemu, mpaka hesabu zikamwingia. Nyabuto alijua hivyo. Alilia kweli, akafuta macho, akaenda kumwonyesha Haron mahali pa kukata.

Kaburi lilichimbwa nje, kati ya ua na michai ya jirani. Saa kumi mvua ikashuka, kama inavyoshuka huko karibu kila alasiri. Jemimah alikuwa na ndama, na ndama angetoka usiku kupitia mwanya, kwa hiyo Haron akafunga wavu kwa muda. Wavu ulikuwa umelowa na kujikunja. Uligeuka mikononi mwake, naye alikuwa na haraka. Waya wa juu aliufunga kwa waya wa chini, na wa chini akaufunga kwa wa juu. Akavuta. Ulishika. Akaenda kwake.

Alhamisi asubuhi Edinah alitoka kumkatia ndama majani ya nepia. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, akiuza dawa za mifugo dukani Ekerenyo, naye pia hakuwa ameolewa. Njia ilikuwa ya utelezi, akawa anatembea huku mkono wake umeshika ua. Alipita tangi la maji, akapita zizi, akazunguka nyumba, akafika penye kaburi. Hakuwa amepita langoni. Alilitazama kaburi kwa muda, akakata nepia zilizokuwa kando yake, akarudi na mzigo.

"Mama, shimo iko ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya ua."

"Imesonga?"

"Haijasonga. Ua ndiyo imebadilika."

Jemimah alifunika sufuria ya uji, akavaa gambuti, akaenda kuona. Kaburi lilikuwa palepale, kati ya ua na michai ya jirani, nalo lilikuwa ndani.

Haron alipofika saa moja, Edinah alimwambia atembee. Alianzia kaburini, akaweka kiganja kwenye waya, akatembea bila kukiondoa, bila kuruka, bila kufungua lango. Alipomaliza mzunguko mmoja alijikuta mlangoni mwa jiko la Jemimah, ambaye alimpa kikombe cha uji. Aliunywa, akaendelea. Mzunguko wa pili ulimrudisha kaburini. Akainama pale alipofunga jana.

"Ni mimi," alisema. "Hii waya nilifunga vibaya."

Wazee walipokuja, viti vya plastiki vilipangwa chini ya hema na chai ikatolewa. Edinah aliwaeleza kwa karatasi, kwa sababu Damaris alikuwa akieleza kwa karatasi kila mwaka kwa wasichana wa kidato cha pili. Alikata ukanda mwembamba kutoka kwenye programu ya mazishi, ule ukurasa wa tatu. Aliupinda nusu mzunguko, akaunganisha ncha kwa uji. Kisha akaweka kalamu katikati ya ukanda na kuchora mstari bila kuinua mkono. Mstari ulipita upande wa maandishi, ukapita upande mweupe, ukarudi ulipoanzia.

"Iko na upande mmoja tu," alisema.

Mzee mmoja aliigeuzageuza mikononi. Alisema mkanda wake wa suruali hujipinda vivyo hivyo akivaa kwa haraka. Akampa jirani yake, naye akampa mwingine, mpaka ikamfikia Nyabuto, ambaye aliiweka juu ya goti na kuishikilia kwa kidole ili isipeperuke.

"Sasa nje iko wapi?"

"Hakuna nje, baba mdogo."

"Basi mtoto wangu yuko nyumbani," Jemimah alisema.

 Jemimah aliingia ndani, akabadilisha leso, akapaka miguu mafuta. Alimwambia Purity ayatoe maua yaliyokuwa yamefichwa nyuma ya nyumba ayalete mbele. Alichagua mahali pa kupanda waridi na mahali pa kuweka benchi, akafikiria hata jinsi benchi litakavyoelekezwa ili mtu asipigwe na jua la jioni. Kwa nusu saa nzima alikuwa mama wa mtu aliyezikwa kwao. Nusu saa hiyo hakuna aliyemrudishia baadaye, na hakuna aliyemwomba radhi kwa kumnyang'anya.

Maana Nyabuto hakukaa. Kwanza alimwamuru Haron aufungue wavu na kuufunga upya. Haron akafungua, akanyoosha, akafunga juu kwa juu na chini kwa chini. Pale palinyooka. Lakini mpindo ulikuwa umehamia kwenye nguzo ya pili. Aliufuata kwenye nguzo ya pili, nao ukaenda ya tatu. Alipofika kona ya zizi, kona ambayo Damaris aliipima mwenyewe, alisema mikono inamuuma.

"Basi kata yote," Nyabuto alisema. "Iache wazi."

"Ukikata ukaacha hivyo, haitazunguka kitu," Edinah alisema. "Hakutakuwa na ndani. Hata tata Manasseh atakuwa nje."

Wazee walisema hapana kwa pamoja, na upesi. Mzee Manasseh hangeweza kuwa nje. Walikasirika hata kwa kutajiwa. Jambo ambalo lilikuwa sawa kabisa kwa binti aliyejenga ua lilikuwa matusi kwa baba aliyejengewa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona kwamba jambo ni lilelile.

Mtu akatumwa kwa jirani mwenye michai kuomba pembe ndogo. Jirani alisema poleni sana, akatoa na ndizi za kusaidia msiba, lakini hakutaka binti wa watu aliyekufa bila mume katikati ya chai yake. Ng'ambo ya michai yake kulikuwa na barabara, na barabara ni ya serikali.

Jeneza lilikuwa limefika tangu saa nne, likawekwa chini ya hema juu ya viti viwili virefu. Wasichana wa shule ya Keumbu walikuwa wamekuja kwa basi, wamevaa sweta za shule. Mchungaji Josiah aliangalia saa yake. Alikuwa mtu mpole na alikuwa na mazishi mengine siku iliyofuata. Aliuliza kama familia imekubaliana.

"Dakika kidogo, mchungaji," Nyabuto alisema.

Alizunguka kaburi mara mbili, mikono nyuma. Ndipo akasema, bila kumtazama mtu.

"Kama nje haiko, tutaitengeneza."

Stoo kulikuwa na bunda la wavu lililobaki. Damaris alikuwa amelihifadhi, limefungwa kwa gunia lisishike kutu, kwa ajili ya marekebisho. Vijana walilileta pamoja na nguzo nne. Walizisimika nguzo kuzunguka kaburi, karibu kiasi kwamba udongo uliochimbwa ulibaki upande wa pili, wakazungusha wavu bila kuacha lango. Nyabuto alikagua kila fundo kwa mkono wake mwenyewe. Juu kwa juu. Chini kwa chini. Hakuwa ameushika wavu wa ua mkubwa hata siku moja, lakini huu mdogo aliufunga kama mtu aliyezaliwa fundi.

"Hapa ndani," alisema akionyesha kaburi, "ni nje."

Wazee walipima. Mmoja wao aliweka kiganja kwenye waya na kuzunguka, akarudi alipoanzia kwa mzunguko mmoja tu. Mwingine akarudia. Wakaridhika.

"Dada alikuwa akisema mstari ukijifunga unakuwa na pande mbili," Edinah alisema. "Lakini mstari wenyewe haujui upande gani ni ndani. Ni watu ndio huamua."

"Tumeamua," Nyabuto alisema.

Damaris alizikwa saa tisa. Jeneza lilipitishwa juu ya wavu mdogo, vijana wanne upande huu na wanne upande ule, na nguo nyeupe iliyolifunika ikanasa kwenye ncha za waya, Haron akainasua. Purity alisoma ukurasa wa tatu kwa spika. Familia ilimshukuru mwalimu Damaris kwa kulizungushia ua boma la baba yake, likawa salama kwa wote waliomo. Watu walipiga makofi. Wasichana wa shule hawakupiga, lakini walikuwa watoto na hakuna aliyewaangalia.

Udongo ulipokwisha kurudishwa, Jemimah alisimama. Hakuwa kwenye programu.

"Nyabuto," alisema.

Kwa miaka arobaini na minne alikuwa amemwita shemeji. Wazee waliinua vichwa.

"Umetoboa boma ya ndugu yako. Hii boma sasa iko na tundu, na mtoto wangu ndiye tundu. Nilimzaa hapa. Alichota maji hapa. Nyinyi nyote mmekaa ndani ya kazi ya mkono yake mnakunywa chai. Hata mimi nimekaa. Na mmekosa futi sita."

Nyabuto aliinamisha kichwa. Alijua hakuna neno lililokuwa la uongo. Mchungaji Josiah alisema tuwe na subira, akaomba, na baada ya amina ikatangazwa kwamba chakula kiko tayari, wageni wa mbali watangulie.

Ua mkubwa ulibaki na upande mmoja, na watu wakauzoea. Waendesha boda boda wa Ekerenyo walijua kwamba ukimshusha mgeni popote penye ule ua, umemfikisha nyumbani. Ndama alikula nyasi akifuata waya, na Edinah aliacha kumfungulia lango asubuhi. Muuza sufuria mmoja alipita akiwa anazunguka nje, akajikuta jikoni, akauza sufuria mbili. Fundi wa stima alikuja akauliza mita iko ndani au nje, akaambiwa aandike vyovyote. Mambo hayo hayakumkera mtu.

Mahali pekee palipokuwa nje, katika boma zima, palikuwa pale penye nguzo nne.

Jemimah alikuwa na miaka sabini na mmoja. Kila Sabato baada ya kanisa alichukua kigoda, akakiweka kando ya wavu mdogo, akapanda, akauvuka, akakivuta kigoda upande wake, akakaa na binti yake. Mara mbili alichana sketi. Edinah alitaka kukata lango dogo, lakini Nyabuto alituma ujumbe kwamba lango litaharibu maana. Jemimah hakulalamika. Alimwambia Edinah kwamba ukikaa mle unaona vizuri sana. Unawaona wote, nyumba, zizi, hata makaburi ya mbele, na unaona wavu mbele yao, kwamba wao ndio waliofungiwa.

Mwezi wa Desemba, Jumapili asubuhi, Nyabuto alikuja na Haron. Haron alikuwa amebeba nguzo mpya begani. Purity alikuwa amefika mapema kumsalimia Jemimah, moja kwa moja kutoka zamu ya hospitalini, bado katika sare yake, na alikuwa akimimina chai.

"Edinah," Nyabuto alisema, "leta ile kamba ya mafundo. Wewe unajua kona."

"Ya nini, baba mdogo?"

"Tunataka kupanua hii ndogo kidogo. Siku ile tulihangaika na wageni wanangoja. Si vizuri. Mtu hujipanga."

"Ya watu wangapi?"

Nyabuto alisafisha koo. Hakuwa mtu mkatili, na alitafuta mahali pa kuweka macho.

"Wawili."

Edinah alienda stoo, akarudi na kamba. Alisimama nayo mkononi, akihesabu mafundo kwa kidole gumba ingawa alijua ni mangapi. Alikuwa amekasirika, na alitaka neno lake limwingie mzee huyu mahali ambapo hataweza kulitoa.

"Watatu," alisema. "Umemsahau Purity."

Purity aliacha kumimina. Haron aliangalia nguzo zake. Nyabuto alimgeukia binti yake, akamtazama kuanzia viatu vyeupe hadi kofia, naye Purity akamtazama pia, na ilikuwa wazi anangoja baba yake acheke, au akemee, au aseme chochote. Nyabuto alikuwa akihesabu. Midomo yake ilisogea kidogo. Ishirini na tisa, Mei thelathini, bila mume.

"Ni kweli," alisema. "Pima ya watatu."

Purity aliweka birika chini. Kikombe kilikuwa kimejaa nusu, na aliyekuwa akimiminiwa ni baba yake.

Jemimah alikuwa tayari ameshavuka, ingawa haikuwa Sabato, na kigoda chake kimo ndani. Aliambiwa atoke wapime. Akasema yeye yuko nje, na mtu aliye nje haambiwi atoke. Wakapima kumzunguka. Kamba ile inahitaji watu watatu, kwa hiyo Haron alishika fundo moja, na Edinah, ambaye alisema kama ni lazima basi kona isiwe mbovu, akashika la pili. La tatu halikuwa na mtu. Nyabuto alimwita Purity. Alikuja katika viatu vyake vyeupe, akainama, akashika, na wote watatu wakavuta mpaka kamba ikakazana.

Nyabuto akaketi kivulini, akakichukua kile kikombe cha nusu. Alisema kwamba kwa macho yake kona imenyooka.